Namna ya kusafisha na kutunza shajara ya pete yenye jalada la ngozi

Katibu Mhtasari

Wanajukwaa, nawasalimu. Mjomba wangu amenipa shajara yake ya pete, ile ya ukubwa wa kati yenye pete sita zilizogawanywa tatu juu na tatu chini, baada ya yeye kuhamishia kumbukumbu zake zote kwenye simu. Ninakusudia kuitumia kazini kila siku kwa ajili ya miadi, mihtasari ya mikutano na mambo ya kufuatilia, lakini imekaa kabatini muda mrefu na hali yake hairidhishi.

Jalada, ambalo ninaamini ni la ngozi halisi ingawa sijui namna ya kuthibitisha, limepauka na kukakamaa kwenye mkunjo wa mgongo. Upande wa ndani, chini ya mfuko wa kadi, kuna madoa meupe yanayotoa harufu ya uvundo. Karibu na kitanzi cha kalamu kuna mstari wa wino wa bolpeni. Pete zenyewe zina vidoa vya kutu, na pete ya pili kutoka juu haikutani sawasawa, kwa hiyo karatasi hunasa kwenye mwanya huo kila ninapofunua ukurasa.

Ushauri niliopewa hadi sasa unapingana: mmoja amesema nipake mafuta ya zeituni, mwingine rangi ya viatu, na wa tatu ameniambia nibane pete kwa koleo. Sijagusa kitu. Naomba wenye ujuzi wanieleze nianze na lipi, nitumie nini, na ni kipi ambacho ni heri kukiacha kama kilivyo.

Fundi Ngozi

Karibu, ndugu Katibu. Kwa kuwa hujapaka chochote, kazi yako itakuwa nyepesi kuliko ya wale wanaotuletea majalada yaliyokwisha kuloweshwa kwa mafuta ya jikoni. Mimi nitazungumzia jalada tu. Habari za pete nawaachia wanaojua chuma.

Toa kwanza kila kitu kilichomo: karatasi, vigawanyo, kadi, kalamu, pamoja na risiti zilizosahauliwa mifukoni. Kisha hakikisha jalada limetengenezwa kwa kitu gani, maana dawa inayoifaa ngozi haina kazi yoyote kwenye ngozi bandia. Tafuta ukingo uliokatwa ambao haukukunjwa wala kushonewa ndani, ambao mara nyingi hupatikana ndani ya mfuko wa nyuma au upande wa chini wa ulimi wa kufungia, na uuangalie kwenye mwanga mzuri. Ngozi halisi huonyesha nyuzinyuzi zilizosongamana kutoka juu hadi chini, ilhali ngozi bandia huonyesha tabaka jembamba la plastiki lililobandikwa juu ya kitambaa. Ipo pia aina ya tatu inayowapotosha wengi, ambayo hutengenezwa kwa kusaga mabaki ya ngozi, kuyagandisha kwa gundi na kuyapa sura ya ngozi kwa juu. Muuzaji huiita ngozi, lakini katika utunzaji ihesabu kuwa bandia. Ikiwa jalada ni la poliyurethani na limeanza kunata au kubanduka magamba, usihangaike kulipaka kitu, kwa sababu unyevu wa hewa umekwisha kuivunja plastiki yenyewe, na hakuna krimu itakayoirudisha.

Ukishajua kuwa ni ngozi, dondosha tone dogo la maji mahali pasipoonekana. Tone likibaki juu bila kunywewa, ngozi ina utando unaoilinda, na unaweza kuisafisha bila wasiwasi mkubwa. Likinywewa mara moja na kuacha duara lililokolea, ngozi iko wazi, na kila utakachokipaka kitaingia ndani na huenda kikabadilisha rangi yake kwa kudumu. Ngozi ya swedi, ile yenye uso wa vinyweleo laini, haihitaji jaribio hili. Haipewi maji wala krimu, bali brashi laini na kifutio pekee.

Madoa meupe ndiyo ya kushughulikiwa kabla ya jambo jingine lolote. Usiamue haraka kwamba ni ukungu, kwani mafuta yaliyomo ndani ya ngozi wakati mwingine hupanda juu na kuganda yakawa utando mweupe. Utando huo hauna harufu ya uvundo, na huyeyuka ukiupulizia hewa ya vuguvugu, ukungu hauyeyuki. Kwa harufu unayoieleza, nadhani wako ni ukungu. Liache jalada likiwa wazi mahali penye hewa inayopita hadi likauke kabisa, kwa sababu ukungu mkavu hupanguswa ukatoka, lakini ukungu mbichi ukiusugua unausambaza na kuukandamiza ndani ya ngozi. Likishakauka, toka nalo nje, funika pua na mdomo, ulipanguse kwa brashi laini kuelekea mbali nawe, kisha ifue brashi hiyo kabla ya kuitumia tena. Baada ya hapo unaweza kufuta sehemu iliyoathirika kwa kitambaa kilicholowanishwa kidogo kwa spiriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, lakini jaribu kwanza mahali palipofichika, maana spiriti inaweza kuondoka na rangi. Jua la muda mfupi halina ubaya. Kuliacha jalada juani mchana kutwa ndiko kunakolipausha na kulikausha.

Usafi wa kawaida hauhitaji mengi. Chukua kitambaa laini cha pamba, kiloweshe na kukikamua hadi kisidondoke, na ufute uso mzima wa upande mmoja kutoka mshono hadi mshono. Ukifuta doa peke yake, utaliondoa na badala yake utaacha alama ya mpaka wa maji ambayo itakuudhi kuliko doa. Penye uchafu uliogandamana, hasa pale vidole vinaposhika kila siku, tumia tone la sabuni ya maji isiyo kali. Ngozi iliyotengenezwa vizuri huwa na asidi kiasi, kwenye pH (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi ikizidi) ya kati ya 3.5 na 5 hivi, ilhali sabuni nyingi za kipande zina pH ya 9 au 10. Ukizitumia mara kwa mara unaikausha ngozi huku ukidhani unaisafisha. Tishu zenye unyevu za kufutia watoto nazo uziache, kwani kemikali zilizomo humaliza utando wa juu pole pole. Kisha acha jalada likauke lenyewe likiwa limefunguliwa, mbali na jiko, pasi na mashine ya kukaushia nywele, kwa kuwa ngozi yenye unyevu ikipata joto hujikunja na haikubali tena kunyooka.

Hatua ya mwisho ni krimu ya kulainishia ngozi, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo na isiyo na rangi. Paka kidogo sana kwa kitambaa, si moja kwa moja kutoka kwenye chupa, ukianzia kwenye mkunjo wa mgongo ambako ngozi inahitaji zaidi. Liache hadi kesho yake, kisha ling'arishe kwa kitambaa kikavu. Usilikunjue jalada kwa nguvu hadi lilale wakati mgongo bado ni mkavu, kwa maana mpasuko wa mkunjo hauna tiba ya kweli. Rudia krimu baada ya wiki kadhaa na ulizoeze taratibu. Baada ya ukarabati huu wa mwanzo, mara moja au mbili kwa mwaka zinatosha. Ngozi iliyolishwa kupita kiasi hulegea, matundu ya mshono hupanuka, vumbi hunata, na mafuta ya ziada huhamia kwenye karatasi zako.

Kuhusu mstari wa bolpeni, ushauri wangu ni uuache. Karibu kila kimiminika chenye uwezo wa kuyeyusha wino huo kina uwezo pia wa kuyeyusha rangi ya ngozi, na nimeona majalada mengi ambayo mstari mwembamba uligeuzwa kuwa baka lililopauka la upana wa vidole viwili. Shajara ni chombo cha kuandikia, na alama ya wino kwenye kitanzi cha kalamu si aibu.

Bi Daftari

Namheshimu Fundi, lakini naona anatutisha kupita kiasi. Shajara yangu nimekuwa nikiipaka mafuta ya nazi tangu ikiwa mpya, na ngozi yake ni laini hadi leo. Rangi ya viatu nayo imenisaidia kurudisha weusi kwenye pembe zilizochubuka. Si kila mtu anaweza kupata krimu maalumu, na mafuta yako katika kila nyumba. Kwa nini tumlazimishe ndugu yetu kutafuta dawa za mafundi kwa ajili ya daftari la kuandikia miadi?

Fundi Ngozi

Bi Daftari, sikatai kwamba mafuta ya nazi hulainisha. Kinachonipa shaka ni kinachofuata. Mafuta ya mimea ya kula hayakai mahali ulipoyapaka. Hutembea ndani ya ngozi, hufikia bitana, na kutoka hapo huingia kwenye karatasi iliyolala juu yake. Mafuta ya zeituni huweza kuchacha na kutoa harufu isiyoondoka. Ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi, na hapo ndipo watu huona utando mweupe na kuanza kuusugua wakidhani ni ukungu. Ikiwa shajara yako ni ya ngozi yenye utando mzito, huenda mafuta mengi unayafuta tu bila hayo kuingia ndani, na ndiyo sababu hujaona madhara. Jalada la ndugu Katibu limekauka, kwa hiyo litayanywa yote.

Katika suala la rangi ya viatu nitakubaliana nawe kwa sehemu ndogo. Kwenye pembe iliyochubuka, krimu ya rangi inayolingana, iliyopakwa kidogo mno kwa kijiti cha pamba na kung'arishwa hadi kitambaa cheupe kisichukue rangi tena, haina ubaya. Kulipaka jalada zima ni jambo jingine. Kiatu hakishikwi mkononi siku nzima wala hakifunguliwi juu ya karatasi nyeupe. Shajara hufanyiwa yote mawili, na rangi itahamia kwenye vidole, mikono ya shati na kingo za kurasa. Na kama krimu maalumu haipatikani kabisa, ni heri jalada likafutwa kwa kitambaa chenye unyevu na kuachwa hivyo kuliko kupakwa kisichofaa, kwa sababu ngozi kavu kidogo hutibika wakati wowote, lakini mafuta yaliyokwisha kuingia hayatoki.

Fundi Saa

Nimesoma mjadala wa ngozi kwa furaha, ingawa naona mnatumia maneno mengi mahali ambapo hatari si kubwa. Shajara yenye jalada lililochakaa hutumika miaka na miaka, wakati ile yenye jalada zuri na pete zisizofunga humchosha mwenyewe kabla ya mwezi kuisha. Kwa hiyo, ndugu Katibu, shughulika na mwanya wa pete kabla hujanunua krimu, kwa kuwa jibu la mwanya ndilo litakalokuambia kama kuna haja ya kununua krimu.

Inafaa ujue kilichomo ndani. Chini ya kile kifuniko kirefu cha chuma kilichobinuka kidogo kuna mabamba mawili membamba yanayokutana katikati kwa urefu, na kila bamba limebeba nusu ya kila pete. Kifuniko hicho si pambo, ni springi. Hubana mabamba kutoka pande zote mbili ili yasiweze kutulia yakiwa yamelala sawa, bali yapinde ama kuelekea juu ama kuelekea chini. Upande mmoja wa mpindo huo pete huwa wazi, upande wa pili huwa zimefunga, na ule mlio mkavu unaousikia ni mabamba yakivuka katikati. Ukielewa hivyo, utaona kwamba mwanya una asili chache tu: nusu ya pete imepinda, kitu kimeingia kati ya mabamba, kifuniko kimepanuka na kupoteza nguvu ya kubana, au shajara ilijazwa kupita uwezo wake.

Ukiwa umetoa karatasi zote kama Fundi Ngozi alivyoagiza, funga pete na uzitazame kwa ubavu mbele ya mwanga. Mwanya ukitoweka, ujazo ndio uliokuwa tatizo, na huna la kutengeneza. Mwanya ukiwa kwenye pete zote kwa kiasi kilekile, shaka iko kwenye mabamba au kifuniko. Ukiwa kwenye pete moja tu, kama unavyoeleza, karibu kila mara nusu mojawapo ya pete hiyo imepinda. Macho hudanganya kwa mianya midogo, kwa hiyo tumia kipande cha karatasi nyembamba: kipitishe taratibu kwenye maungio ya kila pete iliyofungwa, juu, ndani na pembeni. Mahali kinaponasa ndipo kurasa zako zinaponasa.

Kabla ya kunyoosha chochote, safisha. Fungua pete, geuza shajara kifudifudi, uigonge polepole kwa kiganja, kisha pitisha brashi kavu ya meno kwenye mstari ambapo mabamba yanakutana na kwenye miguu ya pete. Utastaajabu kuona vinavyotoka humo: vumbi la karatasi, makombo, vipande vya kifutio, hata nywele. Chembe moja ngumu kwenye mstari huo inatosha kuyazuia mabamba yasipinde hadi mwisho. Usimwage maji wala mafuta ya kusafishia. Vumbi likilowa hugeuka tope na kwenda ndani zaidi.

Sasa koleo. Aliyekushauri hakukosea kabisa, ila meno ya koleo yatakwaruza utando wa nikeli, na penye mkwaruzo ndipo kutu itakapoanzia. Vidole vinatosha kwa pete za ukubwa huo. Zikiwa zimefunguliwa, shikilia kwa mkono mmoja mguu wa nusu iliyopinda pale inapoungana na bamba, ili nguvu isilifikie bamba lenyewe, na kwa mkono wa pili isukume ncha kuelekea upande unaotakiwa, kwa kiasi kidogo sana. Funga, tazama, rudia. Ncha zikiwa zimepishana kwa ubavu badala ya kuachana, sukuma kwa ubavu. Chuma hurudi nyuma kidogo kila unapokiachia, kwa hiyo inakubidi kupita kidogo mahali unapopataka, lakini ukikipinda huku na huko mara nyingi kitachoka na kukatika. Ikiwa baada ya majaribio machache mwanya umepungua hadi karatasi haikwaruzwi tena, acha hapo hata kama nuru bado inapenya.

Kutu ya vidoa iondoe kwa kifutio cha penseli, kisha futa pete kwa kitambaa chenye alama tu ya mafuta ya cherehani, na baadaye kwa kitambaa kikavu hadi karatasi nyeupe ukiisugua kwenye pete isichukue kitu. Dawa za kung'arishia shaba na fedha zisiguse pete, kwa sababu zina chembe za kusugua, na utando wa nikeli au wa rangi ya dhahabu ni mwembamba mno kuvumilia jambo hilo. Pale ambapo utando umekwisha kutoka, kutu itarudi. Mpako mwembamba wa nta isiyo na rangi utaichelewesha. Vishikizo vya kufungulia vilivyoko mwisho wa kifuniko vikiwa vigumu, weka tone dogo la mafuta hayohayo ya cherehani kwenye ncha ya sindano, uliguse ungio lao tu, na kuacha usiku mzima kipande cha karatasi ya kufyonza kikiwa hapo kabla ya kurudisha kurasa.

Mwisho kwa upande wangu ni namna ya kufungua. Penye vishikizo, tumia vyote viwili kwa pamoja, kwa vidole gumba, na wakati wa kufunga vivute vyote kwa pamoja vilevile. Kuvuta pete moja ya katikati ili zote zifunguke ndiko kulikozipinda nyingi kati ya zile ninazoletewa, maana nguvu yote hubebwa na nusu moja ya pete kabla ya kufika kwenye mabamba. Shajara zisizo na vishikizo huna budi kuzivuta, lakini shika pete mbili za katikati, si moja.

Mkutubi

Mafundi wamesema ya jalada na ya chuma. Niongeze kuhusu vilivyomo ndani, kwa sababu ndivyo vinavyoharibu vyote viwili.

Karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina unene wa takriban milimita 0.1, yaani karatasi mia moja hufanya rundo la sentimita moja zikiwa mpya na zimebanwa. Zikishaandikwa, kukunjwa pembe na kuchanganywa na vigawanyo na mifuko ya plastiki, huvimba. Pima kipenyo cha ndani cha pete zako na usijaze zaidi ya robo tatu yake. Ukurasa unatakiwa uteleze kwenye pete bila kusukumwa, na jalada lijifunge lenyewe kabla hujavuta ulimi wa kufungia. Shajara inayofungwa kwa kulazimishwa huvuta mshono wa ulimi na kupanua pete usiku kucha ikiwa mezani, hata kama hakuna anayeigusa. Kurasa za miezi iliyopita zihamishie kwenye faili la nyumbani.

Kuhusu mifuko ya plastiki, angalia kama ni ya PVC au ya polipropileni. Ile ya PVC, ambayo mara nyingi ni laini, inanata kidogo na ina harufu ya plastiki mpya, huchanganywa na vilainishi ambavyo havitulii ndani yake. Huvuta maandishi ya mashine ya fotokopi hadi yakabaki kwenye plastiki badala ya karatasi, na hufifisha haraka risiti zinazochapwa kwa joto. Mifuko ya zamani iliyoanza kunata iondoe leo, wala usiiache iguse ngozi. Ya polipropileni ni mikavu zaidi na haina tabia hiyo.

Matundu yaliyochanika yabandikie viduara vya kuimarishia, lakini kwa kurasa unazozihitaji kweli tu, kwani kila kiduara huongeza unene mahali pamoja, na kurasa ishirini zenye viduara hufanya kilima kando ya pete. Kwa ukurasa wa kawaida ni afadhali kunakili upya. Ukitaka kutoboa karatasi mwenyewe, usikadirie kwa macho: kwa ukubwa wa kati, ambao karatasi yake ni milimita 95 kwa 171, matundu ndani ya kila kundi la matatu huachana kwa milimita 19, na tundu likikosea hata milimita moja karatasi huanza kuvutana na pete na kuchanika. Mpangilio huo una umri mkubwa. Kampuni ya Filofax, inayotengeneza shajara za pete, ilianzia London mwaka 1921, ikifuata wazo lililotoka Marekani kwa jina la Lefax, na karatasi zinazouzwa sasa kwa ukubwa huo huingia kwenye majalada ya miongo mingi iliyopita. Kwa hiyo umri wa shajara ya mjomba wako usikutie hofu ya kukosa karatasi.

Hifadhi ni jambo fupi. Ukungu hupenda hewa yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 65 hivi na isiyosogea, yaani kabati lililofungwa. Ukiwa huitumii, iweke kwenye mfuko wa kitambaa cha pamba, kamwe si wa plastiki, pamoja na vifuko vya chembe za kufyonza unyevu, na uifungue hewani mara kwa mara. Iweke ikiwa imelala na bila mzigo juu yake. Ikisimamishwa kwa miezi, uzito wa karatasi huvuta mgongo upande mmoja.

Katibu Mhtasari

Nawashukuru nyote, na Bi Daftari pia, kwani bila swali lake nisingefahamu kwa nini mafuta ya nazi hayafai. Naleta matokeo. Ukingo ulio ndani ya mfuko wa nyuma umeonyesha nyuzinyuzi, na tone la maji limekaa juu kwa muda kisha likaanza kuingia polepole. Ukungu umepangusika baada ya jalada kukauka, ila harufu bado ipo kwa mbali. Pete ya pili nimeinyoosha kwa vidole, na karatasi nyembamba inapita bila kunasa isipokuwa kwa ndani, ambako inagusa kidogo.

Yamebaki maswali mawili. Je, nirudishe karatasi sasa au nisubiri harufu iishe? Na ule mguso wa ndani wa pete, niendelee kuunyoosha?

Fundi Ngozi

Subiri. Harufu iliyobaki huenda inamaanisha kwamba bitana bado ina unyevu, na karatasi zitaunywa kisha zitaurudisha. Iweke shajara ikiwa wazi ndani ya sanduku kubwa pamoja na kikombe cha magadi ya kupikia (baking soda), bila magadi kuigusa ngozi, na ubadilishe magadi kila baada ya siku chache hadi harufu ipotee. Krimu uipake baada ya hapo, kidogo kuliko unavyodhani inahitajika, maana tone linaloingia polepole linaonyesha utando wa juu ni mwembamba.

Fundi Saa

Usinyooshe zaidi. Mguso wa upande wa ndani husababishwa na ncha, si mpindo: ncha za pete hizo huwa na meno madogo yanayoingiliana, na jino moja likiwa na kingo kali hushika karatasi hata pete ikiwa imefunga vizuri. Lisugue jino hilo kwa ncha ya penseli laini, ya 2B au zaidi, mpaka liwe jeusi, kisha lifute kwa kitambaa kikavu. Risasi ya penseli hulainisha bila mafuta. Kama baada ya hapo bado linashika, pitisha msasa mwembamba kabisa, wa namba 1000 au zaidi, kwa kugusa tu, kwenye ukingo unaokwaruza na si kwenye uso wa pete, na mara moja upake nta pale ulipogusa, kwa kuwa hapo utando wa nikeli utakuwa umetoka.

Bi Daftari

Fundi Ngozi, na mimi ambaye jalada langu limekwisha kunywa mafuta ya nazi kwa miaka yote hiyo nifanyeje?

Fundi Ngozi

Acha kuongeza, Bi Daftari. Funika upande wa ndani kwa karatasi ya kufyonza, weka kitabu kizito juu yake usiku mmoja, na ubadilishe karatasi hadi isipate tena alama ya mafuta. Pembe zenye unyevu wa mafuta unaoonekana zinyunyizie poda isiyo na manukato, uiache hadi asubuhi na kuipangusa kwa brashi. Hayatatoka yote, lakini yatapungua kiasi cha kutofika kwenye kurasa zako. Kati ya jalada na ukurasa wa kwanza weka karatasi ngumu ya kukinga, uibadilishe ikianza kuonyesha doa.

Bi Daftari

Nimekuelewa. Karatasi ya kufyonza ninayo, nitaiweka leo usiku.